Posa Iliyonuka Dizeli

Felisita alimkuta Idefonsi amelala chali chini ya gari, miguu nje, ndala moja imemvuka. Hakumwita. Alikalia rimu kuukuu lililokuwa kibandani pale gereji, akavua viatu, akavikwangua tope kwa kijiti, akaitazama ile miguu. Ilikuwa imekonda. Jamani, ukimpenda mwanamume kwa muda mrefu unaijua hadi miguu yake. Unajua siku iliyoshiba na siku iliyoshindia muhogo mkavu.

"Nani hapo?" sauti ikatoka chini ya chuma.

"Mimi."

Spana ikaacha kugonga. Sauti iliporudi ilikuwa ya chini zaidi. "Feli. Umetoka Mbuba kwa miguu na mvua yote hii?"

"Ulitaka nipande nini? Gari lenyewe ndilo hilo, limekukalia."

Hakucheka. Zamani angecheka hadi agonge kichwa kwenye ekseli.

Mwaka ule wa tisini na nane mvua ilisahau njia ya kurudi kwao. Redio iliiita El Nino. Watu wa Ngara waliipa majina mengine ambayo si ya kuandika kitabuni. Madaraja yalikwenda na maji, barabara ya Biharamulo ikageuka mfereji, na vilima vya kuzunguka Lukole, ambavyo kambi ya wakimbizi ilikwisha kuvimaliza miti kwa kuni, vikawa vinateremsha tope hadi mlangoni mwa watu. Kila mtu alikuwa amechoka. Wenyeji wamechoka, wakimbizi wamechoka, hata padri alikuwa anafupisha mahubiri. Lakini uchovu wa Felisita ulikuwa na jina lake, nalo lilikuwa Idefonsi.

Idefonsi alijikokota akatoka chini ya gari, akaketi pale pale matopeni, mgongo kwenye tairi. Grisi hadi kwenye nyusi. Macho mekundu. Alimtazama Felisita kuanzia kanga aliyojitanda hadi miguu yake mitupu, akayarudisha macho usoni na kuyaacha hapo, kama mtu aliyeweka mzigo chini. Felisita akajikuta anataka kulia, akakasirika.

"Nimeongeza pleti nyingine za springi," Idefonsi akaanza, haraka haraka. "Nyuma lilikuwa linakaa likipakia maharage. Sasa limesimama. Na difu tumeichomelea, fundi Nizigiyimana kaja na mashine yake ya kuchomelea. Magurudumu ya nyuma sasa yanazunguka pamoja; moja likikosa pa kushika, mwenzake anasukuma. Kwenye barabara kavu litalia kwenye kona kama mbuzi, lakini topeni, Feli, hata lile bonde la kwenu..."

"Idefonsi."

"...hata lile bonde la kwenu nitapita."

"Laurian analeta posa Jumapili."

Mvua ilipiga bati la kibanda. Idefonsi alichukua tambara akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, na tambara lenyewe lilikuwa chafu kuliko mikono.

"Laurian yule wa Biharamulo," akasema mwishowe. "Mwenye duka karibu na boma la Wajerumani."

"Huyo huyo. Mgane. Shangazi Koleta ndiye aliyemwita."

"Ni mtu mzuri, Laurian."

"Nimekuuliza?" Felisita akapandisha sauti. "Nimetembea njia nzima nije kuulizia sifa za Laurian?"

Sasa wewe msomaji utasema, kwani huyu Idefonsi ana nini hata binti wa Mzee Leonidas amngoje tangu wale wakimbizi wa Rwanda hawajarudi kwao? Hana shamba. Hana ukoo. Mama yake, Bi Benedicta, alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mimba tumboni na furushi kichwani, na hakuna ndugu aliyemfuata. Idefonsi alizaliwa upande huu wa mpaka, akabatizwa upande huu, akasoma upande huu, na bado wazee wakimsalimia humwuliza kwao ni wapi.

Alichokuwa nacho ni Landrova. Pikapu kuukuu ya mapadri, iliyokuwa imeachwa chini ya mikaratusi hadi kuku wakaotamia kwenye viti. Walimpa aiondoe baada ya kuwatengenezea mashine ya kusaga. Watu wakacheka. Yeye aliwaza mabonde ya ndani, kule ambako maharage na ndizi zilikuwa zinaoza shambani kwa sababu lori haliwezi kufika, na huku Lukole maelfu wanatafuta chakula cha kununua. Gari litakalofika huko, alisema, halitakosa mzigo.

Ila vifaa vya dukani hakuviweza, kwa hiyo gari zima likawa la kuokoteza. Springi za kulinyanyua zilitoka kwenye lori lililokufa njia ya Rusumo. Matairi yalikuwa vipara. Aliyachonga meno upya kwa kisu cha moto, jioni baada ya jioni, hadi mikono ikatoka malengelenge. Alichukua bomba la chuma la maji, akalipandisha kando ya kioo cha mbele hadi juu ya paa, injini ivute hewa huko hata likizama mtoni, na watoto wakaliita gari Mkonga. Ili maji yasiingie kwenye difu alifunga mipira ya dripu iliyotupwa zahanati. Na turubai la nyuma, lile alilishona Felisita kwa kitambaa cha hema kuukuu, akivunja sindano na kuapiza. Hakuna alichokifunga Idefonsi kwenye gari lile ambacho Felisita hakukijua. Ndiyo maana liliposifiwa alifurahi, na ndiyo maana sasa alitamani liungue.

"Nitamwambia Baba," akasema.

Idefonsi akaacha kufuta mikono. "Utamwambia nini?"

"Kwamba dumu nililijaza mimi."

"Usithubutu."

"Nimechoka, Fonsi."

"Choka, lakini usithubutu. Unajua watakuita nani."

Alijua. Kwao Mbuba, binti haigusi pombe ya posa yake. Haipiki, haibebi, hata mtungini hachungulii. Pombe huletwa na mashangazi na wadogo wa mwanamume, vichwani, mitungi imezibwa kwa majani ya mgomba. Baba wa binti huonja, akiridhika humwita binti kutoka ndani na kumwuliza mbele ya watu: tunywe? Binti akisema kunyweni, ameolewa. Lakini akijulikana kuwa aliigusa kabla, huitwa aliyejiposa, na jina hilo atalisikia hata akiwa bibi kizee, kisimani, wakigombania ndoo.

Na Felisita aliigusa. Kabla Laurian hajaitwa, Idefonsi alikuwa amepeleka posa yake, na Jumapili ile Bi Benedicta aliamka na homa ya kutetemeka. Mashangazi hakuna. Wadogo hakuna. Mshenga, Mzee Emilian, ni mtu wa maneno, si wa mizigo. Kuipakia mitungi kwenye Landrova ni kuivunja, maana zile springi ngumu zinarusha hata mawe. Felisita alipopata habari kanisani alitoroka baada ya misa ya kwanza, akakimbia hadi kwa Idefonsi, akaihamisha ile pombe ya ndizi kutoka mitungini hadi kwenye madumu ya njano, yasiyovunjika garini. Kisha akakimbia tena kurudi kwao, akaingia ndani kwa mlango wa nyuma, akajifanya anasuka mkeka. Madumu yalikuwa mengi pale uani. Moja aliloshika lilikuwa limekaa na dizeli. Kwa ile haraka, na usiku ule hajalala kwa furaha, hakulinusa.

Mzee Leonidas alivuta mrija mara moja. Uso ukamjikunja, akatema mbele ya wageni wote.

"Dizeli!" alinguruma. "Mimi ni gari?"

Watu walicheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angekasirika peke yake, yangekwisha. Kuchekwa nyumbani kwake hakukumtoka moyoni. Alipouliza nani aliyejaza pombe hii, Idefonsi alisimama, akasema, "Ni mimi, Mzee." Basi. Mzee akajibu kwamba mtu asiyeweza kutofautisha mkwe na injini hatamwoa binti yake, na pombe iliyotemwa hairudi mezani.

"Ulisema uongo kwa ajili yangu," Felisita akamwambia sasa. "Mimi nipo ndani, nasikia yote kupitia ukuta. Nikakaa kimya. Unajua nalalaje?"

"Ukisema, utakuwa umejiharibia. Na mimi bado sitapewa. Tutakuwa tumepoteza wawili."

"Na nisiposema?"

Idefonsi akaangalia chini. "Usiposema utaolewa na mtu mwenye nyumba. Utapumzika, Feli. Mimi nimekuchosha. Kila mwaka nakwambia mwaka huu. Nikimaliza springi. Nikimaliza difu. Mtu hawezi kula difu."

"Wewe!" Felisita alisimama, kanga ikamwanguka begani asiiokote. "Yaani umenipa mtu mwingine huku umekaa chini unafuta mikono? Kama ungekuwa na mdomo kama ulivyo na mikono, saa hii ningekuwa kwako napika. Gari umelinyanyua hadi mbuzi wanapita chini yake bila kuinama. Mimi umeniacha chini."

"Feli..."

"Subira yavuta heri, waliniambia. Mimi imenivutia Laurian."

Akavaa viatu, akatoka mvuani. Hatua chache mbele aligeuka, kwa sababu moyo ni mpumbavu. Idefonsi alikuwa amesimama kando ya gari, mkono mmoja juu ya boneti, ananyeshewa, anamtazama. Alifungua mdomo. Felisita akangoja. Mdomo ukafungwa tena. Basi akaenda zake, akilia njia nzima, na mvua ikamsitiri.

*

Jumapili mvua ilikata asubuhi, ikarudi baada ya misa. Wageni walitarajiwa mchana. Mchana ukapita. Ndizi zikapoa chunguni, zikapashwa moto, zikapoa tena. Mzee Leonidas alikaa barazani na koti lake la kanisani, akinyoosha shingo kutazama njia, na kila aliponyoosha shingo Shangazi Koleta alisema, "Watafika tu. Mtu wa duka ana gari zuri."

Felisita alikuwa ndani, amesukwa, amepakwa mafuta, amevalishwa kitenge kipya. Alikuwa amekaa kitandani anaangalia ukuta.

"Cheka kidogo," Shangazi Koleta akaingia kumwambia. "Uso gani huo? Unaposwa, hufiwi."

"Nimechoka, Shangazi."

"Umechoka na nini? Kungoja kumekwisha! Mimi niliolewa na mtu nisiyemjua hata jina, nikazaa, nikazeeka. Laurian hanywi, hapigi, ana bati na ana kisima. Mwanangu, mapenzi ni kama upya wa kitenge, kikishafuliwa vyote ni nguo."

"Lakini ukivaa cha rangi usiyoitaka, unakuwa nacho mwilini kila siku."

Shangazi akafyonza, akatoka.

Ndipo uliposikika mngurumo. Felisita aliujua kabla wengine hawajauliza ni gari gani. Alijua jinsi ile injini inavyokohoa ikibadilishwa gia, alijua lile bomba linavyovuma. Akasimama. Akachungulia kwenye tundu la dirisha.

Mkonga ulikuwa unapanda kutoka bondeni, mbele juu, minyororo kwenye matairi ya nyuma, tope linaruka hadi kwenye migomba. Magurudumu yalikuwa yanazunguka yote bila kukata tamaa. Na nyuma yake, kwa mnyororo mnene, ulikuwa unavuta gari dogo jeupe ambalo weupe wake ulibaki kwenye paa tu. Ndani ya lile dogo kulikuwa na wazee waliovaa suti. Chini ya turubai la Mkonga, lile alilolishona yeye, walikaa wanawake wameipakata mitungi yenye majani ya mgomba, kila mmoja ameukumbatia wake asiuache ugonge.

"Mama wee!" Shangazi Koleta akapiga kelele uani. "Huyu anatafuta nini hapa?"

Laurian alishuka kwanza. Alikuwa mtu mnene, mpole, tope limempanda hadi kwenye tai. Akamwamkia mwenye nyumba. "Shikamoo Mzee. Tusamehe. Tulizama bondeni tangu mchana. Tumesukuma hadi wazee wangu wameishiwa pumzi. Bila huyu bwana kupita na gari lake tungelala huko."

"Marahaba. Huyu bwana," Mzee Leonidas akarudia, akiitazama Landrova.

Idefonsi alishuka, akafungua mnyororo, akausokota, akautupa nyuma. Akawasaidia wanawake kuteremsha mitungi, mmoja mmoja, polepole, hata tone lisimwagike. Mtungi wa mwisho aliupokea yeye mwenyewe na kumwekea mama mmoja kichwani. Hakuinua macho kwenye lile dirisha. Alipomaliza alisema, "Shikamoo, Mzee," akarudi kwenye usukani ili aondoke, lakini lile gari dogo lilikuwa limeziba njia, ikabidi angoje.

Wageni wakanawa miguu. Mshenga wa Laurian akasema yake, marefu, mazuri, yenye ng'ombe na maua ndani. Mzee Leonidas akaonja pombe. Akafumba macho. Ilikuwa pombe ya maana, hata Felisita aliyekuwa ndani aliisikia harufu yake.

"Mleteni binti," Mzee akasema.

Alitoka na Shangazi Koleta amemshika kiwiko. Aliinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Aliona viatu vyenye tope, akaona mikono ya Laurian imetulia magotini, akaona mrija.

"Felisita," baba yake akasema, na sauti yake haikuwa kali. "Watu hawa wamesumbuka kwa ajili yako. Pombe yao nimeionja, ni safi. Tunywe?"

Neno lilikuwa moja. Kunyweni. Wasichana hulisema kwa sauti ndogo, halafu vigelegele vinapigwa na mambo yanakwisha. Felisita alihisi uchovu wote wa miaka ile unamkalia mabegani, unamwambia, sema, binti, sema ulale. Akainua kichwa.

"Baba, ile ya kwanza niliijaza mimi."

Hakuna aliyeelewa. Shangazi Koleta alielewa, akambana kiwiko. "Nyamaza," akanong'ona.

"Ile yenye dizeli. Dumu nililishika mimi kwa mikono yangu. Nilitoroka kanisani nikaenda kwake, nikaijaza, nikachanganya madumu. Idefonsi hakufanya kitu. Alisema ni yeye ili mimi nisiaibike."

"Umeigusa pombe ya posa yako?" Shangazi Koleta sauti ikampasuka. "Umejiposa! Felisita, umejiposa mbele za watu!"

"Nimejiposa," Felisita akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta. "Nimejiposa, Shangazi. Niiteni hivyo."

Wanawake wa Laurian wakafunika midomo. Mzee mmoja akaguna. Baba yake hakusogea, mrija bado mkononi.

"Kwa nini wewe?" akauliza. "Kwao hakuna watu?"

"Hakuna, Baba. Ndilo hilo. Mama yake alikuwa na homa. Mashangazi walibaki ng'ambo, hajui hata kama wako hai. Nani angembebea? Unamwuliza ukoo mtu ambaye ukoo wake ulikatika kabla hajazaliwa. Nikaona nikimwachia abebe peke yake, hata huko ndoani nitamwachia."

Mvua ilikuwa inapungua. Laurian akakohoa.

"Mzee, naomba neno," akasema. "Huyu bwana kule bondeni nilimwambia tunakokwenda na tunachokwenda kufanya. Nilimwambia kwa furaha, sikujua. Alinyamaza, akaenda kufunga mnyororo. Nilipotaka kumpa chochote akakataa, akaniambia niwashikilie wazee wasianguke." Alitazama mikono yake minene. "Mimi nilizika mke niliyempenda. Nilitaka mtu wa kunifungulia mlango jioni, basi. Sitaki atakayefungua huku anasikiliza gari jingine."

Mzee Leonidas aliuweka mrija magotini. Shangazi Koleta alitaka kusema, akainuliwa kiganja, akanyamaza.

"Mgeni harudishwi na pombe yake kwenye mvua," Mzee akasema mwishowe. "Mmezama, mmeloa, mna njaa. Tutainywa hii kama wageni na wenyeji. Ya posa haipo hapa leo. Laurian, unanielewa?"

"Nimekuelewa, Mzee." Akatabasamu kidogo, kwa taabu. "Na hizo ndizi, kama zipo, tunazihitaji kweli."

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, na mirija ikaingia mitungini. Hakuna aliyepiga kigelegele. Shangazi Koleta alikwenda jikoni akipigiza masufuria.

Felisita alibaki amesimama katikati ya uwanja, hajui aende wapi. Ndani hakutaki tena. Akatazama Landrova. Kwa nini hashuki? Amesikia yote hayo, anakaa tu? Hasira ikampanda upya. Akavuka tope na kitenge chake kipya, mbele ya macho ya watu wote, akafungua mlango wa upande wa abiria.

Idefonsi alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kwenye kioo, mdomo wazi, mikono yenye michubuko ya mnyororo imeanguka mapajani. Alikoroma taratibu. Hakusikia lolote.

Basi Felisita akacheka, na machozi hayajakauka. Akapanda, akaketi kwenye kile kiti walichokitoa viota vya kuku, akafunga mlango.

Baba yake alikuja baadaye na kibuyu mkononi, akasimama nje ya dirisha la abiria, lililokosa kioo.

"Amelala?"

"Amelala."

"Hakusikia?"

"Hata neno."

Mzee Leonidas alimtazama yule kijana kwa muda, akaitazama ile mikono. Akaugusa ule mkonga wa bomba, akaugonga kwa kidole kama anayepima.

"Sijafurahi," akasema. "Umenitia aibu, na jina ulilopewa sitaweza kukuvua. Hilo ni lako."

"Ndiyo, Baba."

"Akiamka mwambie amtume Emilian tena. Na pombe ije kwa miguu, vichwani, ndani ya mitungi. Sitaki kuliona dumu kwangu." Akanywa funda moja, akapangusa ndevu. "Mwambie watu wa kubeba nitampa mimi."

Akaondoka kabla hajajibiwa. Felisita alimwona akiteleza kidogo kwenye tope, akijishikilia mgomba, mzee tayari, na binti yake hakuwa amegundua.

Kiti kilinesa. Idefonsi alijinyoosha bila kufumbua macho, akasikia pumzi ya mtu kando yake, akaijua.

"Wamekunywa?" akauliza.

"Wamekunywa."

Hakufumbua macho. Mikono ikatafuta usukani, ikaushika kwa nguvu.

"Basi shuka, Feli," akanong'ona. "Shuka. Watu wasikuone humu."

"Wameshaniona wote," Felisita akasema, akamvutia kichwa begani pake. "Lala."